Aliyerudi nyuma: wokovu wake umepotea, au hakuwahi kuokoka? Tujadili kwa Maandiko

Mzabibu wa Hombolo (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Na wasio wa imani hii nawasalimu pia, karibuni.

Naleta jambo ambalo kila tukikaa baada ya ibada linaturudisha palepale. Mtu aliokoka. Alibatizwa, akashuhudia mbele za watu, akaimba kwaya, akaongoza maombi ya mtaa. Leo anashinda kilabuni, kanisani hakanyagi, na ukimtajia Yesu anageuza mazungumzo. Wokovu wake umepotea? Au hakuwahi kuokoka? Au bado ni wa Bwana na ipo siku atarudi?

Hapa Dodoma majibu yote matatu utayapata kwenye barabara moja. Waanglikana, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste wa TAG, Wabaptisti, Wasabato, wote tunapanda daladala moja na kila mmoja ana mstari wake wa Biblia.

Nitaje msimamo wangu mapema. Naamini mtu aliyeokoka kweli anaweza kuiacha imani akapotea. Sisemi kwamba akijikwaa tu ameshapotea. Hasira, uongo, ulevi wa siku moja, hayo ni ya kutubu. Nasema kuacha: kumkana Kristo uliyekuwa umemshika na kuendelea na safari yako bila yeye.

Waebrania 6 inasema: "Kwa maana hao waliokwisha kupewa nuru, na kukionja kipawa cha mbinguni, na kufanywa washirika wa Roho Mtakatifu, na kulionja neno zuri la Mungu, na nguvu za zamani zijazo, wakaanguka baada ya hayo, haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu." Angalieni huyo mtu alivyoelezwa. Kapewa nuru, kafanywa mshirika wa Roho Mtakatifu. Kama huyo hakuwa ameokoka, basi mimi aliyeokoka simjui anafananaje.

Halafu Yohana 15. Mimi nalima zabibu. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kisu cha kupogolea hakikauki mkononi. Tawi lililokufa ukilikwangua gome kwa ncha ya kisu unakuta ndani kahawia, wakati la jirani yake ni kijani kibichi. Lakini yote mawili yametoka kwenye shina moja. Lile lililokauka hakuna aliyelifunga pale kwa kamba, lilinyonya maji ya shina kama wenzake mpaka lilipoacha. Yesu anasema "kila tawi ndani yangu lisilozaa huliondoa." Ndani yangu. Hakusema tawi la bandia.

Na kwa sisi Waanglikana hili si geni. Katika zile Kanuni 39 za Dini za mwaka 1571, ya 16 inasema kwamba baada ya kumpokea Roho Mtakatifu twaweza kuiacha neema tuliyopewa na kuanguka dhambini, na kwa neema ya Mungu twaweza kuinuka tena. Kuanguka kumo, kuinuka kumo.

Kinachoniuma zaidi ni matumizi ya fundisho hili. Mtu akirudi nyuma tunakaa kujadili kama aliokoka kweli, tunamaliza chai, tunaagana. Hakuna anayeenda kwake. Tujadili.

Mtumwa wa Neema

Shalom mleta mada. Umeandika vizuri ila napingana nawe, na naomba usinihesabu na wale wa "ukishaokoka ishi utakavyo". Fundisho hilo na mimi nalichukia.

Yohana 10:28: "Nami nawapa uzima wa milele, wala hawatapotea kamwe, wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu." Hawatapotea kamwe. Mkuu, uzima wa milele unaokatika baada ya miaka mitatu ulikuwa wa milele kwa namna gani? Soma na Warumi 8:30. Waliochaguliwa tangu asili wakaitwa, walioitwa wakahesabiwa haki, waliohesabiwa haki wakatukuzwa. Hakuna anayeshuka njiani kwenye mnyororo ule.

Kuhusu waliotoka, Yohana ameshatujibu, 1 Yohana 2:19: "Walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu. Maana kama wangalikuwa wa kwetu, wangalikaa pamoja nasi."

Watu wanatusingizia sisi tunaoamini kwamba mwamini wa kweli hapotei, kwa hiyo niiweke historia sawa. Wafuasi wa mwanateolojia Arminius kule Uholanzi waliandika hoja zao tano kuhusu wokovu mwaka 1610, na hata wao kwenye hoja ya tano hawakuwa na uhakika. Walisema suala la mwamini kuanguka kabisa lichunguzwe zaidi kwenye Maandiko. Sinodi ya Dort, mkutano mkuu wa kanisa kule Uholanzi wa 1618 hadi 1619, ndiyo iliyowajibu. Na Dort haikusema mwamini haanguki. Ilimtaja Daudi na Petro waziwazi, ikasema watakatifu wanaweza kuanguka vibaya sana, wakamhuzunisha Roho, wakapoteza kwa muda hisia ya neema. Ilichokataa ni kwamba Mungu anawaachia waangamie moja kwa moja.

Sasa utaniuliza maonyo ya Waebrania ni ya kazi gani. Fungua Matendo 27. Malaika amemwambia Paulo kwamba hakuna mtu atakayepotea kati ya watu 276 waliomo merikebuni. Ahadi imeshatoka. Baadaye mabaharia wanataka kutoroka na mashua, naye Paulo anamwambia akida: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Ahadi ni ya kweli na onyo ni la kweli. Onyo ndiyo njia Mungu aliyotumia kuitimiza ahadi. Mwamini wa kweli akilisikia onyo anatetemeka, anabaki merikebuni.

Mwinjilisti Nkuhungu

Mtumwa wa Neema, Mungu akubariki, lakini soma polepole. "Hakuna mtu atakayewapokonya." Kupokonywa ni kazi ya mwizi. Kondoo akitoka zizini kwa miguu yake mwenyewe, nani kampokonya?

Ezekieli 18:24, mwenye haki akiiacha haki yake, matendo yake ya haki hayatakumbukwa hata moja. Na Bwana mwenyewe anasema mwenye kuvumilia hata mwisho ndiye atakayeokoka. Sisi Wapentekoste tunahubiri hivi kwa sababu tumewaona. Siyo habari ya kusoma vitabuni.

Mtumwa wa Neema

Mtumishi, "wala hawatapotea kamwe" imetangulia kabla ya kupokonywa. Hiyo sentensi haikuacha mlango wa kutokea kwa miguu. Na Mchungaji gani mwema anamwona kondoo anatoka anamtazama tu?

Mama wa Mpwapwa

Wanangu, amani iwe kwenu. Mimi sijasoma chuo cha Biblia lakini nimekulia kwenye injili. Huku kwetu Mpwapwa wamisionari walifika tangu miaka ya 1870, bibi zetu ndio waliowapikia.

Niwaeleze msiba wa shemeji yangu. Kanisa silitaji.

Huyu baba alikuwa mzee wa kanisa. Akaoa mke wa pili, akatengwa meza ya Bwana. Utaratibu wa kanisa naufahamu, sikatai alitengwa kwa haki. Jina lilisomwa mbele ya watu Jumapili, yeye mwenyewe akiwa amekaa benchi la nyuma. Akanyanyuka akatoka. Tangu siku hiyo hakuna mzee mwenzake aliyepiga hodi kwake. Hata mmoja. Wakikutana naye gulioni wanamsalimia "mbukwenyi" wanapita.

Alipougua aliniita mimi. Nilikuta Biblia yake iko chini ya mto, kava limeshikwa na plasta kwa sababu limechakaa. Nikamsomea Zaburi, naye anazimalizia kwa kichwa kabla yangu. Akanituma nimwite mchungaji. Mchungaji alikuwa safarini, katekista akasema mtu aliyetengwa anatakiwa arudi kundini kwanza mbele ya usharika ndipo ahudumiwe. Mgonjwa hawezi hata kukaa, atakwendaje mbele ya usharika?

Akafa. Hakupata ibada. Alizikwa na ndugu, tukaimba wenyewe tenzi tulizozikumbuka. Na pale kaburini, udongo haujamaliza kurudishwa, vijana wawili wa kanisa wanabishana kwa sauti: "Huyu alipoteza wokovu." "Hapana, hakuwahi kuokoka." Mke wake mkubwa amesimama hapo anasikia.

Mtumwa wa Neema, mwanangu, na wewe Mwinjilisti, mnabishana vizuri na mistari yenu naijua. Lakini hilo swali mimi nimeshaliona likiulizwa juu ya kaburi, na wote wawili waliokuwa wanalijibu hawakuwahi kumtembelea.

Mlutheri wa Chamwino

Pole sana mama. Umenigusa.

Niongeze jambo kutoka upande wetu, maana linahusu kabisa kilichompata shemeji yako. Ungamo la Augsburg la 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 12 kinachozungumzia toba, kinakataa makundi kadhaa, na mawili yanatuhusu hapa. La kwanza ni wale wanaosema mtu aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi tena kumpoteza Roho Mtakatifu. Hapo mleta mada umepata shahidi. La pili ni Wanovatiani, waliokataa kuwafungulia walioanguka baada ya ubatizo hata walipotubu. Yaani kifungu hichohicho kinachosema unaweza kuanguka, kinamkemea anayekufungia mlango ukirudi.

Na habari ya Wanovatiani inaigusa Afrika pia. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu na wapewe hati ya kuthibitisha. Kule Karthago, ilipo Tunisia ya leo, Wakristo wengi walikwenda wakatoa sadaka. Wengine walinunua hati tu bila kutoa chochote. Dhiki ilipotulia wakarudi kanisani wanalia. Wafanyweje? Novatiani, aliyekuwa Roma, alisema kanisa halina mamlaka ya kuwarudisha. Sipriani, askofu wa Karthago, na maaskofu wenzake walikutana mwaka 251, wakaamua wapokelewe baada ya toba, kila mtu kwa uzito wa kosa lake. Na mgonjwa aliyekuwa anakaribia kufa hakutakiwa kusubiri.

Hiyo sentensi ya mwisho, mama, naomba mwenye kuweza amfikishie yule katekista.

Mgeni Dodoma

Habari zenu. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Nilikuwa nausoma tu.

Mwanangu aliugua, hospitali tumezunguka, hela imeisha. Ndugu wakasema kuna mtu wa kumwona. Nilikataa, baadaye nikaenda. Nikafanya kila nilichoambiwa nifanye, na nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimeokoka, mwalimu wa Shule ya Jumapili. Mtoto alipona, sijui kwa nini alipona.

Tangu hapo nikisoma Waebrania 6 naona imeandikwa kwa ajili yangu. "Haiwezekani." Kila mkutano wa injili ukija mjini naenda mbele, naongozwa sala ya toba, naandikishwa jina kama mtu mpya. Nikirudi nyumbani hofu iko palepale. Wengine mnasema wokovu unapotea na haiwezekani tena. Wengine mnasema kama nilifanya vile basi sikuwahi kuokoka. Kwa majibu yote mawili mimi niko nje.

Mzabibu wa Hombolo

Ndugu yangu Mgeni, karibu. Wengine wanaosubiri majibu yangu mtanisamehe, namjibu huyu kwanza.

Waebrania iliandikwa kwa watu gani? Soma 10:32 hadi 34. Walikuwa wameshateswa, wakanyang'anywa mali zao kwa ajili ya Kristo, na sasa wanachoka. Wanashawishika kumwacha kabisa. Mwandishi anawapigia kelele wasitoke. Ni onyo kwa anayetaka kuondoka, halikuandikwa limzuie anayerudi. Na usiishie mstari wa 6. Fika wa 9: "Lakini, wapenzi, ijapokuwa twanena hayo, katika habari zenu tumesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi, na yaliyo na wokovu."

Halafu angalia jinsi alivyoandika: haiwezekani kuwafanya upya "hata wakatubu." Mtu anayesemwa pale ni yule asiyefikia toba. Hataki. Moyo wake umekuwa mgumu kiasi kwamba msalaba anauona kitu cha kufedhehiwa. Wewe unakwenda mbele kila mkutano unalia. Huyo wa Waebrania 6 halii. Hofu uliyonayo hawezi kuwa nayo yeye.

Petro alimkana Bwana mara tatu, ya mwisho kwa kulaani na kuapa. Hakulazimishwa na askari, aliulizwa na kijakazi na watu waliosimama pale. Na Yesu alikuwa amemwambia mapema: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Petro aliporudi hakuandikishwa upya kama mtu asiyemjua Bwana. Aliulizwa kama anampenda, akapewa kondoo awachunge.

Na hili la uganga. Fungua Matendo 19:18. "Na wengi wa wale walioamini wakaja wakaungama, wakidhihirisha matendo yao." Wale walioamini, ndugu yangu. Walikuwa wameshaamini na mambo ya uchawi bado yalikuwa kwao. Walipoungama, vitabu vilichomwa vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Paulo hakumwambia hata mmoja kwamba imani yake haikuwa ya kweli, wala kwamba muda wake umepita.

Kwa hiyo acha kuokoka upya kila mkutano. Nasema hili kwa uchungu, maana wahubiri wetu wanapenda kuhesabu mikono iliyonyooshwa na hawamuulizi mwenye mkono anatoka wapi. Wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki, ambao hapa Dodoma walikuwa wengi na Festo Kivengere alifundisha shule hapahapa kabla hajawa askofu kwao Kigezi, walikuwa na njia nyingine. Waliita kutembea nuruni. Ukianguka unasema kwa jina lake ulichofanya, mbele za Mungu na mbele ya ndugu, unaisogelea damu ya Yesu, unaendelea na safari. Leo, kesho na keshokutwa. Hukurudishwa darasa la kwanza.

Kama kuna kitu ulipewa na yule mtu, cha kuvaa, cha kufukia au cha kuogea, kitoe ukichome. Tafuta mchungaji au mzee mmoja unayemwamini, mwambie kama ulivyotuambia sisi, bila kupunguza. Na mtoto kupona mshukuru Mungu. Uhai wa mtoto haukuwahi kuwa mali ya mganga.

Mtumwa wa Neema

Mgeni, mimi na Mzabibu tutaendelea kubishana lakini kwako nasema alivyosema yeye, kwa sababu nyingine tu. Sikusemi kwamba hukuwahi kuokoka. Niliposema "hawakuwa wa kwetu" nilisema habari za waliotoka wakaenda zao. Wewe unagonga mlango.

Daudi alizini na kuua. Katika Zaburi 51 hakuomba arudishiwe wokovu, aliomba hivi: "Unirudishie furaha ya wokovu wako." Hicho ndicho ulichopoteza. Na aliyeanza kazi njema moyoni mwako ataimaliza, Wafilipi 1:6. Huwezi kulala kwa sababu hajakuacha.

Na mama wa Mpwapwa, nimesoma maneno yako mara nyingi tangu jana. Nina rafiki niliyeimba naye kwaya, nilishamweka kwenye kundi la "hakuwa wa kwetu" na kufunga hesabu. Namba yake ninayo.

Mgeni Dodoma

Ahsanteni. Kuna kitu kimefukiwa kizingitini. Nitakifukua leo mke wangu akiwepo, kisha tutaongea na mzee wetu wa mtaa.

Mama wa Mpwapwa

Mwanangu, mkifukua mshikane mikono wewe na mkeo, muombe kwa sauti ili na mtoto asikie. Mtumwa wa Neema, mpigie. Usianze na Biblia, anza na hali.

Mwinjilisti Nkuhungu

Mgeni, niko tayari kuja kuomba na ninyi kama mtahitaji. Niandikie faragha.

Mzabibu wa Hombolo

Sasa nirudi kwa Mtumwa wa Neema, maana hoja zake ni nzito na hazistahili kupitwa.

1 Yohana 2:19 umeifanya kanuni ya watu wote. Yohana pale anazungumzia kundi maalumu, wale anaowaita wapinga Kristo, waliokana kwamba Yesu ndiye Kristo, wakatoka na kujaribu kuwavuta wengine. Anatueleza kuhusu hao. Hasemi kila atakayetoka mpaka mwisho wa dunia hakuwa wa kwetu. Paulo alimtaja Dema pamoja na Luka katika Filemoni kama mtenda kazi pamoja naye. Baadaye anaandika: "Dema aliniacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa." Hakuandika kwamba Dema hakuwahi kuwa mtenda kazi. Aliandika aliachwa, na ukisoma unasikia anaumia.

Merikebu ya Matendo 27 nimeipenda, nakiri sikuwa na jibu la haraka. Nakubali kwamba onyo ni njia ya Mungu ya kuwatunza watu wake. Lakini askari walizikata kamba za mashua kwa sababu waliamini wanaweza kufa kweli. Ukiniambia onyo ni la kweli lakini jambo linaloonywa haliwezi kutokea kwa mwamini hata mmoja, naona umelinyang'anya meno.

Na kuna mstari bado hujaugusa. Waebrania 10:29 inamtaja mtu aliyemkanyaga Mwana wa Mungu, "na kuihesabu damu ya agano aliyotakaswa kwayo kuwa ni kitu ovyo." Aliyotakaswa kwayo. Huyo aliyetakaswa kwa damu ya agano ni nani, kama si mtu aliyekuwa ndani? Nakusubiri hapo.